Mkono wa Stelingi Uliomwagiwa Maji

Wadogo zangu mnaoingia gereji mwaka huu, kaka yangu Saidi yu hai. Naanza na hilo kwa sababu sipendi stori za kumweka mtu roho juu mpaka mwisho. Yu hai, ana kitambi, na juzi tu amenipigia simu kunigombeza kwamba simtembelei. Kila akinigombeza huwa nashukuru Mungu kimoyomoyo, na nikimaliza kuwaeleza mtajua kwa nini.

Mimi naitwa Rehema. Nimestaafu. Chekeni sasa mmalize, maana mvi sina hata moja. Nilifanya kazi ya kuchomelea vyuma tangu nilipomaliza kidato cha nne mpaka macho yakagoma. Daktari aliniambia nichague, kazi au macho, nikachagua macho. Siku hizi nauza vipuri Lindi mjini, kwenye duka la Mzee Karim. Wahindi wa familia ile wameuza nati na misumari tangu enzi za babu zao, na wao ndio walionifundisha kukaa kwenye kiti. Kila kijana akija kununua fimbo za kuchomelea namuuliza, unakwenda kuchomelea nini? Wengine wananuna. Mmoja aliniambia, "Dada, we uza, usinihoji kama polisi." Sawa. Ndiyo maana naandika, nisirudie maneno yale yale dirishani kila siku.

Nataka kuwaambia habari za chuma kwa ndani. Kwa nje chuma ni chuma, hata mimi nilidhani hivyo. Nilipofika kwa Fundi Mbonde pale Njia Nne, barabara ya Kipatimu inapoachana na lami, siku ya kwanza alinipa vipande vitatu akaniuliza, "Hivi ni nini?"

"Vyuma, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Ukipewa kuku, maharage na dagaa, utasema ni nini? Kitoweo? Utavipika vyote kwa moto mmoja?"

Fundi Mbonde ni Mmatumbi wa Kipatimu, mfupi, mwimbaji wa kwaya, sauti ya chini kabisa ile inayotikisa benchi. Alikuwa anaimba hata ndani ya barakoa ya kuchomelea. Aliwasha grenda, ile mashine ya jiwe la kunolea, akagusisha kile kipande cha kwanza. Cheche zikaruka ndefu, zimenyooka, za njano. Akasema hicho ni chuma laini, cha mageti na madirisha, hakina makaa mengi, yaani kaboni, ndani. Cha pili kilikuwa kipande cha springi ya gari. Cheche zake zilifika mbele zikapasuka pasuka kama fataki za sikukuu. Hicho kina makaa mengi, ni kigumu, na kina hasira. Cha tatu kilitoa cheche fupi, nyekundu, zimefifia, hata hazikwenda mbali na jiwe. Hicho ndicho chuma cha kumiminwa, sisi tunaita kasti, kile cha pulii, magurudumu ya mkanda, na maungo ya mashine za kusaga.

Jifunzeni cheche kabla hamjajifunza kingine chochote. Grenda haikudanganyi. Mteja anakudanganya, tena bila nia mbaya, maana na yeye hajui.

Kasti ilinitoa jasho mapema. Tuliletewa pulii ya mashine ya kusaga kutoka Mitole, imepata ufa. Mashine ni moja kijiji kizima, kwa hiyo akina mama walikuwa wanatwanga kwa mikono na kutulaani sisi tusiowajua. Mimi nina haraka, nilizaliwa hivyo, mama anasema hata uchungu wake haukumfikisha kitandani. Nikachomelea ule ufa moja kwa moja, mstari mzuri, umelala kama mshono wa cherehani. Tukakaa kula ugali. Tukiwa katikati ya kula tukasikia "ti." Kidogo tu. Fundi Mbonde hakuacha kutafuna. Alisema, "Hiyo ni pulii yako inakuaga." Nikaenda kuangalia, nikakuta ufa mpya pembeni ya mshono wangu, umeufuata kwa utii kabisa.

Tukaanza upya kwa mwendo wake. Pulii ikapashwa moto taratibu juu ya makaa, yote, siyo pale penye ufa tu. Unachomelea kipande kifupi kama kidole, unaacha, unakigonga gonga kwa nyundo ndogo kikiwa bado cha moto, unaendelea. Halafu unaizika kwenye majivu mpaka kesho yake, huruhusiwi kuchungulia. Mimi nilichungulia. Alinipiga kibao cha mkononi kama mtoto anayeiba nyama jikoni. Ile pulii nasikia bado inazunguka Mitole.

Sasa kuna desturi moja pale kwetu, na hii ndiyo iliyotaka kutuua. Ukimaliza kumchomelea mtu kitu chake, mwenyewe anakuja na maji anamwagia pale penye mshono. Tshhh, mvuke unapanda, watu wanasema "imepokelewa," na kazi imekwisha. Madereva wote wana dumu la maji ya rejeta, kwa hiyo maji hayakosekani. Nani aliianzisha sijui. Mtu akimwagia maji ni kama amesaini, hawezi tena kurudi kulalamika. Kwa geti hakuna shida. Chuma laini ukikimwagia maji kinapoa tu, hakikasiriki. Fundi Mbonde mwenyewe alikuwa anaipenda ile sauti. Lakini kwa springi na kwa kasti alikuwa anasimama mbele ya kitu na mikono kiunoni kama kipa, mtu asipite na dumu.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu kinavunjika."

"Ndiyo, lakini kwa nini kinavunjika?"

"Rehema, mimi nimekuta kinavunjika. Nenda shule ukaulize."

Nikaenda kweli. Kulikuwa na mafunzo mafupi kwenye chuo kimoja cha ufundi Lindi, nikaomba ruhusa. Mwalimu wetu aliitwa Halima, mama mpole, anaongea polepole mpaka unataka kumsukuma. Siku nzima alitukalisha tukisugua vipande vya chuma kwenye msasa, kwanza msasa mkali, halafu laini, halafu laini zaidi, mpaka ukijiangalia unaona meno yako. Nilimuuliza, "Madam, hii itanisaidia kufunga geti?"

Akasema, "Geti halikimbii barabarani, Rehema. Sugua."

Baadaye akapaka tone la asidi, akakiweka kipande chini ya hadubini, akaniita. Jamani. Chuma siyo kitu kimoja. Ni chembe, zimebanana kama punje kwenye gunzi la mahindi, kila moja na mipaka yake. Kipande kilichopoa polepole kilikuwa na chembe nyeupe, na nyingine zina mistari mistari kama ukili wa mkeka. Mwalimu Halima akasema, hii ni mishipa ya chuma yenye subira, ukikivuta kinajinyoosha kwanza kabla ya kukatika, kinakupa taarifa. Akaweka kipande kingine cha chuma hicho hicho, kutoka nondo moja, ila hiki alikitia moto mpaka kikawa chekundu halafu akakizamisha kwenye maji. Mle ndani hakukuwa na mkeka tena. Kulikuwa na sindano, zimechomana kila upande, kama mtu amemwaga boksi la sindano za fundi cherehani. Hiki ni kigumu kupita kiasi, akasema. Tupa haikikati. Lakini hakijui kujinyoosha, kinakatika bila kukuaga.

Kasti nayo ilikuwa na vipande vyeusi vya makaa vilivyotapakaa kama magamba ya samaki aliyeparuliwa. Kila gamba lina ncha, na kila ncha ni mwanzo wa kupasuka. Ndiyo maana kasti ukiikalia inabeba tani, na inatuliza mtikisiko vizuri sana, lakini ukiivuta au ukiishtua kwa joto inaachia. Kuna kasti nyingine makaa yake yametengenezwa yakakaa kama gololi, hayana ncha, hiyo ina nguvu karibu na chuma chenyewe. Makaa ni yale yale. Umbo tu.

Na akatueleza uchovu. Hapa msilale. Chuma hakichoki kama wewe. Wewe ukilala unaamka mzima. Chuma kikivutwa na kuachiwa, kikivutwa na kuachiwa, pale penye kasoro ndogo panafunguka kidogo kuliko unywele, na hapafungi tena. Mzigo wala siyo mkubwa, ni ule ule wa kila siku. Ufa unatembea kimya kimya chembe hadi chembe. Ufa ukikuta chembe ndogo ndogo unapata taabu, kila hatua kuna mpaka. Ukikuta chembe kubwa, kama chuma kilichounguzwa na fundi asiye makini, unateleza. Ukikuta sindano, hauna hata kazi ya kufanya.

Niliporudi Njia Nne nikaanza kuangalia vyuma vilivyovunjika kama mtu anayesoma gazeti. Kulikuwa na mwenye lori mmoja aliogopa wezi, akaandika jina lake kwenye springi kwa fimbo ya kuchomelea, herufi kubwa kubwa. Wengi wanafanya hivyo. Springi ilikatika kwenye herufi ya pili. Tulipoangalia pale ilipokatika tuliona mistari iliyopinda, mmoja nje ya mwingine, kama ile inayobaki mchangani maji yakipwa. Imeanzia pale pale kwenye jina. Kila safari ilikuwa imeacha mstari wake. Fundi Mbonde akamwambia, "Mwizi hakuiba, bwana. Umejiibia."

Haya, twende kwa Saidi.

Saidi ni kaka yangu mkubwa, alikuwa na Fuso inapandisha bidhaa Kipatimu na kuteremsha machungwa na watu. Barabara ile ina miteremko ambayo hata mbuzi anafikiria. Jumamosi moja aliteremka gari ikiwa inavuta upande, amegonga kisiki, mkono wa stelingi umepinda na una ufa. Mkono wa stelingi ni chuma kifupi kinachopokea amri ya usukani na kuipeleka kwenye tairi. Kikikatika unazungusha usukani na tairi haina habari na wewe.

Fundi Mbonde alikishika akakirudisha. "Hiki hakichomelewi. Agiza kipya Lindi, kitakuja na basi Jumatatu."

"Jumatatu nimeshachelewa, Fundi," Saidi akasema. "Machungwa yapo juu kwenye magunia tangu jana. Na Jumatatu asubuhi akina mama wanatakiwa kliniki na watoto, nimewaahidi kuwateremsha kesho baada ya misa. Hao ni ndugu zako, siyo wangu."

Hapo alimpata. Fundi Mbonde akakuna kidevu. Mwisho akasema tutachukua nusu nzuri ya mkono mwingine wa zamani tuliokuwa nao, tuunganishe na nusu nzuri ya huu, kwa safari hiyo moja tu. Na masharti yake: fimbo zikaushwe kwanza jikoni, maana hapa kwetu karibu na pwani zinanyonya unyevu kama biskuti, na unyevu unaingia kwenye mshono. Chuma kipashwe moto kabla. Kikimalizika kizikwe kwenye majivu mpaka asubuhi. Asubuhi atakikagua mwenyewe ndipo kifungwe.

Akachomelea. Kazi nzuri, sina la kusema. Mimi kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu moto kwenye kipande kilichobaki cha ule mkono wa zamani, nikakiwekea mshono mmoja, nacho kikabaki cha moto pale pale mezani pembeni ya kazi. Fundi akaosha mikono akaenda mazoezi ya kwaya. "Majivu," akaniambia akiwa njiani. Nikachukua koleo nikaenda nyuma kuchota.

Mama yetu alikuwa amefika mchana kutoka Kinjumbi kutuletea samaki. Alikuwa amekaa kwenye benchi anamsubiri mwanawe. Akaona kazi imeisha, fundi kaondoka, na hakuna aliyemwagia. Mama anaijua desturi. Na kwake ile haikuwa desturi ya gereji, ilikuwa dua. Alichukua birika, akasoma anayoyasoma, akamimina kwa mapenzi yote, juu ya mkono wa stelingi na juu ya kile kipande changu, bila kuacha sehemu. Nilisikia tshhh nikiwa na koleo limejaa majivu.

"Mama, subiri."

"Nimeshamaliza, mwanangu. Allah amlinde."

Nilimwambia Saidi asikifunge. Alikuwa ameshakishika, kimepoa, anakipangusa kwa kitambaa. "Kimepoa, kimekaa, mama kaombea. Unataka nini tena?"

"Kina sindano ndani."

"Kina nini?" Akawageukia madereva wenzake. "Sikieni huyu. Kaenda chuo mara moja, sasa hivi daktari wa vyuma. Mdogo wangu, kipige sindano basi kipone."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikuwa na uhakika. Labda kilikuwa chuma laini, labda hakikupata moto wa kutosha, hadubini sina. Fundi hakupatikana kwenye simu. Saidi akafunga mkono wake, akapandisha Kipatimu kabla ya magharibi na gari tupu.

Jumapili asubuhi Waislamu wachache tulikuwa tunafungua gereji, Wakristo wapo kanisani. Nikakiona kile kipande changu mezani. Moto ule ule, maji yale yale. Nikakibana kwenye jiriwa nikaweka tupa pembeni ya mshono. Tupa ikateleza. Nikakandamiza. Ikateleza kama juu ya chupa, hata alama haikuacha. Nikachukua nyundo, siyo kubwa, nikagonga kama mtu anayebisha hodi. Kikakatika. Nusu moja ikaruka ikagonga bati.

Kwa ndani kilikuwa kinametameta kama sukari. Hakuna kilipojinyoosha.

Nilipiga simu ya Saidi, haipatikani, kule mlimani mtandao ni mpaka upande juu ya gunia. Nikakimbilia kanisani. Kigango chetu kina madirisha makubwa, kwaya inakaa pembeni. Nikasimama dirishani na hijabu yangu na aproni yangu, nikainua vile vipande viwili, kimoja mkono huu kingine mkono huu. Fundi Mbonde alikuwa katikati ya wimbo. Akaniona. Sauti ya chini ikakatika, waimbaji wengine wakageuka kumtafuta kama watu waliopoteza sakafu.

Alitoka na suti yake ya bluu. Akapokea vipande, akaviangalia pale vilipokatika, akauliza swali moja tu. "Nani alimwaga?"

"Mama."

Akafumba macho kidogo. "Basi hatuwezi hata kumgombeza." Akamwomba katekista chaki, akaiweka mfukoni, tukapitia gereji kuchukua spana na chupa ya mafuta ya taa.

Tukapanda bodaboda mshikaki, kijana mbele, Fundi katikati na suti yake, mimi nyuma na chupa. Barabara ilikuwa imenyeshewa, udongo mwekundu unatuvutia pembeni. Kijana wa bodaboda akauliza, "Wazee, mna haraka hivi, kuna msiba?"

Fundi Mbonde akasema, "Bado."

Mimi kila kona nilikuwa natazama bondeni, natafuta rangi ya Fuso ya Saidi, na nilikuwa naomba nisiione.

Tuliikuta juu, mahali barabara inapoanza kulalia chini. Namshukuru padri aliyehubiri siku hiyo, simjui, lakini alihubiri sana, wakatoka misa wamechelewa. Gari lilikuwa limejaa, magunia chini, akina mama juu yake na vitenge vya Jumapili, watoto migongoni. Injini inanguruma. Nikaruka kwenye pikipiki kabla haijasimama, nikasimama mbele ya taa.

Saidi akatoa kichwa. "We Rehema umepatwa na nini? Ondoka njiani."

"Zima gari."

"Watu wamechoka kusubiri."

"Kaka, zima gari."

Fundi Mbonde alikuwa anatafuta jiwe. Akaliweka mbele ya tairi, akatafuta la pili. Mbele karibu na dereva alikaa mwanamke mmoja na mtoto mchanga, mtoto kavaa kofia nyeupe ya kufuma. Yule mama alikuwa na mdomo, sikufichi. "Si ndiye wewe uliyetengeneza jana? Umetengeneza, umekuja kuharibu? Au unataka mchumba wa kwenye hili gari?" Huko juu wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Mwacheni, jua limempiga." Mwingine akaniuliza kama nimekunywa, Jumapili asubuhi, mimi Rehema.

Saidi akashuka, ananong'ona kwa hasira. "Mnanifedhehesha mbele ya abiria."

Fundi akasema, "Nipe muda wa kupaka mafuta ya taa. Nisipoona kitu, nakaa kiti cha mbele cha gari lako mpaka chini, mimi na suti hii."

Hii njia ishikeni, haihitaji umeme wala chuo. Alijilaza chini ya gari, akapangusa mkono wa stelingi ukawa mkavu. Akaupaka mafuta ya taa, akaacha yalowe. Kama kuna ufa, mafuta yanaingia, yanapenda pembamba. Halafu akapangusa tena mpaka hapana unyevu kabisa. Akasugua chaki juu yake yote, chuma kikawa cheupe. Akaugonga kidogo kwa mpini wa spana, akangoja. Mimi nilikuwa nimelala tumboni pembeni yake, Saidi upande wa pili.

Kwanza hapakuwa na kitu. Cheupe tu. Saidi akavuta pumzi ya kusema neno.

Halafu pembeni ya mshono chaki ikaanza kulowa. Mstari mwembamba, wa kijivu, ukajichora wenyewe kutoka chini kwenda juu, polepole, kama mtu anayeandika kwa kalamu isiyo na wino vizuri. Ulizunguka karibu nusu ya chuma. Jana haukuwepo, na kama ungekuwepo Saidi angeuona alipokuwa anakipangusa. Ufa wa namna ile haupendi kutokea siku ile ile, unangoja chuma kimetulia, kimebanwa, kimetembezwa, ndipo unakuja.

Saidi akatambaa akatoka chini ya gari. Akazima injini.

Tukafungua nati, mkono ukatoka. Fundi alimkabidhi Saidi mwenyewe. Saidi alitembea nao mpaka kwenye jiwe la pembeni ya barabara, akaugonga mara moja kwa nguvu ya kawaida, kama mtu anayekung'uta kiatu. Ukawa viwili. Pale kwenye ukingo kulikuwa na ukanda mwembamba mweusi, mafuta yameingia, na palipobaki pote panametameta upya. Akaangalia vile vipande, akaangalia mteremko, ule wa kwanza na ile kona ya chini isiyo na ukuta. Akachuchumaa. Nilimsikia anataja majina ya wanawe mmoja mmoja, kimya kimya, kama anawahesabu aone kama wote wapo.

Huko juu ya magunia vicheko vilikuwa vimekwisha. Fundi Mbonde akawaambia kwa Kimatumbi kwamba gari haliendi, mkono mpya utakuja na basi la kesho, na wa kliniki tutawatafutia usafiri mwingine asubuhi. Wakaanza kushuka, wanapeana mikono, wanapeana watoto. Mmoja akafungua gunia la machungwa akaanza kugawa bila kumuuliza mwenye mali, na mwenye mali, naye alikuwa juu pale, akasema ule, mama, ule tu. Mimi nikajitazama. Nilikuwa nimejipaka grisi mpaka kwenye viwiko, matope kifuani, chaki usoni.

Yule mama wa mbele alifungua mlango. Alinitazama. Nikajiandaa kwa neno jingine. Akanisogezea mtoto.

"Nishikie, nishuke."

Nikamwonyesha mikono yangu. Akamwachia vile vile, ikabidi nimdake. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, ana joto la usingizi, hata hakuamka. Nikamwegemeza begani, na mkono wangu ukampapasa kichwani wenyewe tu, kabla sijafikiri. Nilipouondoa, kofia nyeupe ilikuwa na vidole vyangu vinne vyeusi.

Mama yake alikuwa ameshafika chini. Akaiona. Nikaanza kuomba radhi.

"Itafuliwa," akasema, na hakuharakisha kumchukua.